Sura ya Sita: Hati Kwanza, Ramani Baadaye

Njukini haina mtaa wa viwanda vya zamani. Ina soko, ina mashamba ya migomba na nyanya, ina barabara inayotoka Taveta kupanda hadi Illasit, na iko karibu mno na mpaka wa Tanzania. Msomaji aliyefungua sura hii akitarajia magofu ya matofali na mabomba marefu ya moshi ana haki ya kuuliza tumefuata nini huku. Tumefuata ardhi. Viwanda vilivyoiunda sehemu hii ya Taita Taveta viko chini, kwenye tambarare ya Taveta na Ziwani, kisha vinafuata reli kupitia Mwatate hadi Voi. Navyo vikigeuzwa kuwa kitu kingine, iwe ni makazi, maduka, vyuo au maghala ya mpakani, watu watakaokosa nafasi huko watapanda kuja kutafuta ploti katika miji midogo kama huu.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 17,000. Asilimia 62 hivi ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sehemu kubwa ya inayobaki ni nyanda kavu za ranchi na mashamba makubwa ya mkonge. Ardhi inayolimika vizuri, ile ya milimani Taita na ya chemchemi za Taveta, ni kama asilimia 12. Kwa hiyo mtu wa hapa akikuambia hana pa kujenga ilhali jirani zake ni tembo na mkonge, hatanii.

Mkonge nao haukukaa popote tu. Jani la mkonge lina nyuzi kiasi cha asilimia 4 hivi ya uzito wake; zinazobaki ni nyama ya jani na maji. Likishakatwa haliwezi kungoja siku nyingi, kwa sababu likikauka nyuzi hazibanduki. Basi kiwanda lazima kiwe katikati ya shamba, na lazima kiwe na maji mengi, kwa kuwa korona, ile mashine ya kuponda jani na kuzikwangua nyuzi, inakunywa maji mchana kutwa. Ukitaka kujua maji mazuri ya nyanda kavu za pwani ya Afrika Mashariki yalikuwa wapi miaka ya 1930, tafuta palipokuwa na korona. Taveta, yenye mto Lumi na chemchemi zinazolishwa na Kilimanjaro, ilikuwa lazima ipate mashamba hayo.

Aliyeyapata ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyejijengea jina kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, kisha akajijengea utajiri kwa ardhi ya Kenya. Kati ya vita viwili vya dunia alijikusanyia maeneo makubwa Taveta, akapanda mkonge, akachimba mifereji, na miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima jumba la ajabu ambalo watu wameliita kasri hadi leo. Ukisimama pale unaona Ziwa Jipe upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Jumba lilikuja kukarabatiwa likapokea wageni. Hakuna aliyewahi kufikiria kuzikarabati kambi za wakata mkonge, wala sijasikia mgeni akiomba kulala huko. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya kazi yote hii ya kuhuisha maeneo ya kale: tunaona haraka uzuri wa nyumba ya mwenye mali, na nyumba ya kibarua tunaiita uchafu wa kuondolewa.

Reli ilitangulia mkonge wa Grogan. Njia ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na mwanzoni mwa 1898 ilikwisha kupita Voi na kufika Tsavo, ambako simba waliwala wafanyakazi kwa miezi mingi. Tawi la Voi kwenda Taveta ni mtoto wa vita. Waingereza walianza kulijenga mwaka wa 1915 ili wapeleke askari, maji na mizinga mpakani kupigana na Wajerumani. Mwezi Februari 1916 walishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Mwezi Machi wakaingia Taveta. Na reli ikasukumwa mbele hadi ikaungana na njia ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Amani iliporudi, mabehewa yaliyobeba risasi yakabeba marobota ya katani. Voi ikawa njiapanda: upande mmoja Mombasa na Nairobi, upande mwingine Taveta na Moshi. Palipo na njiapanda ya reli pana karakana, ghala, nyumba za wafanyakazi, mama wa chai, fundi wa baiskeli, na mtaa usio na hati unaokua nyuma ya hivyo vyote.

Kisha mambo yakakatika. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Miaka karibu saba inatosha kumfundisha mfanyabiashara njia nyingine. Nyuzi za plastiki nazo zilikuwa zimeshaanza kuua bei ya kamba za mkonge duniani. Shamba kubwa la Mwatate bado linafanya kazi na huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani, lakini kwingineko mkonge ulirudi nyuma, na reli ya Taveta ikalala. Ng'ambo ya mpaka, Watanzania waliifufua njia yao: treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi mwezi Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata. Ni njia ileile ambayo reli ya Voi iliungana nayo wakati wa vita. Upande wetu tumejenga lami ya kutoka Mwatate hadi Taveta, na kituo cha pamoja cha mpakani pale Taveta na Holili kilianza kazi mwaka wa 2016. Malori yamechukua nafasi ya mabehewa.

Ndivyo lilivyopatikana swali la sura hii: mali hizi za kale zigeuzwe nini, na kwa faida ya nani? Una stesheni iliyolala, una maghala, una mashamba ambayo mkonge wake umepungua, una lami mpya na mpaka wenye shughuli. Katika kila nchi, mahali pa namna hiyo huja watu wenye ramani za rangi. Wanachora miti, wanachora vijana wakinywa kahawa, wanachora ghala lenye madirisha makubwa ya kioo. Nimeziona ramani nyingi za namna hiyo na nakiri ni nzuri. Sijaona hata moja iliyoandikwa pembeni jina la mwenye hati.

Mradi ambao wachoraji hawa huutaja kwanza ni wa King's Cross, London, na una haki ya kutajwa. Nyuma ya stesheni hiyo, iliyofunguliwa mwaka wa 1852, palikuwa na yadi ya makaa ya mawe na mizigo, na ghala kubwa la nafaka lililojengwa mwaka uleule kupokea ngano kutoka Lincolnshire. Baada ya malori kuishinda reli, eneo lile la ekari 67 likawa la maghala matupu na vilabu vya usiku. Leo ghala la nafaka ni chuo cha sanaa cha Central Saint Martins, kilichohamia humo mwaka wa 2011. Mabanda ya makaa yamekuwa maduka tangu 2018. Na matangi ya chuma ya gesi yamejengewa maghorofa ya kuishi ndani yake. Wageni hupiga picha. Lakini waulize wapangaji wa London siri ilikuwa nini, watakutajia mambo ambayo hayapigiki picha. Ardhi karibu yote ilikuwa chini ya wenye mali wawili waliokubaliana. Halmashauri ya Camden ilijadiliana na mjenzi miaka kadhaa kabla ya kutoa kibali cha jumla mwaka wa 2006, na ikamfunga kwa masharti: nyumba za bei nafuu, shule, viwanja vya wazi. Tena serikali ilikuwa imeshatia fedha nyingi kuileta reli ya kasi ya kutoka Ufaransa katika stesheni jirani ya St Pancras, iliyofunguliwa Novemba 2007. Uzuri wa matofali ulikuja mwisho kabisa.

Sasa twende Johannesburg, maana London ni tajiri na mtu anaweza kusema hayo ni ya kwao. Mwaka wa 2009 mjenzi kijana, Jonathan Liebmann, alifungua maghala ya zamani mashariki mwa jiji kuwa karakana za wasanii. William Kentridge, msanii mwenye jina duniani, akawa na studio mle. Eneo likaitwa Maboneng. Kampuni ya Liebmann, Propertuity, ilinunua jengo baada ya jengo: viwanda vidogo, maghala, ofisi. Magazeti ya nje yakasifu. Tatizo ni kwamba majengo mengi ya mtaa wa jirani wa Jeppestown hayakuwa matupu. Yalikuwa yamejaa watu waliokuwa wakiishi humo kwa sababu hawakuwa na pengine. Machi 2015 waliingia barabarani kupinga kufukuzwa, na hasira yao waliielekeza Maboneng. Miaka minne baadaye Propertuity ilifilisiwa na majengo yakapigwa mnada. Mjenzi mmoja anayenunua kwa mkopo hawezi kuubeba mji peke yake, hasa akiwa amezungukwa na watu wanaomwona kama ndiye sababu ya wao kulala nje.

Sisi Wakenya tunayo yetu. Katikati ya Nairobi, kusini mwa barabara ya Haile Selassie, Shirika la Reli lina ekari 425 za stesheni, yadi, karakana na nyumba za wafanyakazi. Ndani yake lipo Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa 1971, ambamo limehifadhiwa behewa ambamo simba alimtoa ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka wa 1900. Eneo hilo lote ndilo linalopangwa kuwa Mji wa Reli: stesheni kuu mpya, ofisi, nyumba, maduka. Mamlaka ya kuusimamia iliundwa mwaka wa 2021, na Rais William Ruto alizindua ujenzi mwezi Desemba 2022, akiwa na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Nia si mbaya. Jiji linahitaji stesheni inayofaa kuliko linavyohitaji ghorofa jingine la ofisi huko Upper Hill.

Ila kando ya ekari hizo pana Muthurwa, na Muthurwa inatakiwa isomwe na kila mtu anayetaka kugusa mali ya reli popote nchini. Zilikuwa landhi, nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Mwaka wa 2006 mtaa ulihamishiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ili mali hiyo izalishe fedha za kuwalipa wastaafu. Mwaka wa 2010 mfuko ukataka wapangaji watoke ili pajengwe upya. Maji yakakatwa, ubomoaji ukaanza. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu. Ona ugumu wake: mstaafu wa reli ambaye bado alikuwa anapanga Muthurwa alikuwa anafukuzwa kwa niaba yake mwenyewe, ili alipwe pensheni yake. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki za wapangaji za makazi na heshima, zilizomo katika Katiba ya 2010, zilikuwa zimevunjwa, na akaitaka serikali ieleze sera na sheria yake kuhusu kuwahamisha watu. Mwaka wa 2016 Bunge likarekebisha sheria za ardhi: anayetaka kuwaondoa watu waliokalia ardhi isivyo halali sharti awape notisi ya maandishi ya angalau miezi 3. Miezi 3 ni michache kwa mtu aliyezaliwa hapo, lakini kabla yake tingatinga lilikuwa likija alfajiri na notisi yake.

Kuna njia ndogo zaidi pia. Mwaka wa 2003 kundi la wasanii lilianzisha kituo cha GoDown katika ghala la kutengenezea magari pale Industrial Area, Nairobi. Mwaka wa 2008 Nafasi Art Space ilianza kazi ndani ya eneo la viwanda vidogo vya Mikocheni, Dar es Salaam. Napenda sana vituo hivi. Lakini karakana ya wasanii haiwi sera ya mji, na wachoraji wa ramani huitumia kama pilipili ya kuwashia hamu ya mwenye fedha.

Jawabu la karibu zaidi na Njukini liko Voi, na ajabu ni kwamba vijana wengi wa Voi hawalijui. Mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni. Ulikua kama mitaa yote ya nyuma ya reli inavyokua: vibarua wa mkonge, watu wa stesheni, wachuuzi, na wageni waliofuata kazi wakabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na watu zaidi ya 4,000, wakiishi katika nyumba za udongo na mabati kwenye ardhi yenye wenyewe zaidi ya mmoja, Shirika la Reli likiwa miongoni mwao. Hapakuwa na kiwanda cha kugeuza kuwa duka la kahawa. Palikuwa na watu ambao kiwanda na reli viliwaleta, wakati kiwanda na reli vyenyewe vilikuwa vinafifia.

Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Wajerumani kupitia shirika la GTZ, ilikuwa na mradi wa kuendeleza miji midogo. Maofisa walifika Voi wakiwa na dawa ya kawaida: kupima ploti, kufungua barabara, kutoa hati ya mtu mmoja mmoja. Kwa kawaida watu hushangilia hapo. Wakazi wa Tanzania-Bondeni walisita, na sababu yao ilikuwa ya watu waliokwisha kuona dunia. Walijua mtaa ulipopimwa kwingine, hati zilipotolewa, mwenye shida ya karo au matibabu aliuza ploti kwa mtu wa mjini, akahamia mbele kidogo, akaanza upya bila hati. Baada ya miaka michache mtaa ulikuwa mzuri na wenyewe hawakuwamo.

Walielezwa njia kadhaa za kumiliki, wakajadiliana katika mikutano, wakachagua ile iliyokuwa ngeni kabisa Kenya: ardhi iwe ya jumuiya nzima chini ya bodi ya wadhamini, na kila kaya iwe na mkataba wa kukaa kwenye kiwanja chake. Nyumba ni yako. Unaweza kuijenga, kuiboresha, kuirithisha. Ukihama unauza nyumba, ardhi huuzi, na jumuiya ina haki ya kwanza ya kununua. Mwenye nyumba anayeishi mbali na kukusanya kodi tu hakupewa nafasi ileile na mkazi. Kwa kuwa sheria za nchi hazikuwa na kifungu cha kitu kama hiki, ilibidi kianzishwe chama cha wakazi kwa sheria moja na udhamini kwa sheria nyingine, na vyote viwili vifungamanishwe. Ulikuwa udhamini wa kwanza wa ardhi wa aina hiyo nchini.

Haukuenda kama maji mteremkoni. Hati kuu ilichukua miaka. Wanasheria wenyewe walikuwa wanajifunza. Wafadhili waliondoka, kama wanavyoondoka, na kazi ya kuitisha mikutano, kukusanya ada na kutunza daftari la wanachama ikabaki kwa watu wenye kazi zao. Wengine walichoka wakaanza kusema afadhali kila mtu angepewa karatasi yake. Benki haikopeshi kwa urahisi juu ya ardhi ambayo haiwezi kuichukua na kuiuza. Wataalamu wa miji wameuandika mtaa huu katika majarida yao mara kadhaa, na kwa miaka mingi majarida hayo yalikuwa na mfano mmoja tu wa Kenya: huohuo wa Voi. Jambo likiwa zuri kiasi hicho na lisiigwe, lina gharama ambayo wanaolisifu hawaitaji.

Hata hivyo mimi nautetea. Angalia kilichotokea Voi baada ya hapo. Treni mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, na Voi ikapata stesheni kubwa nje ya mji. Barabara ya Taveta ikawekwa lami. Mahali palipokuwa mapito ya watalii wa Tsavo pakawa mji wenye wanafunzi, ofisi na mahoteli. Bei ya ploti mjini haikubaki pale. Katika mazingira hayo, kaya maskini iliyoshikwa pamoja na jirani zake na mkataba usiouzika kwa mgeni ina ngome ambayo mwenye hati binafsi, akiuguliwa na mtoto usiku, hana. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa Tanzania-Bondeni walihakikisha kwanza kwamba mwenyeji atakuwepo mgeni akifika.

Kuhusu mashamba yenyewe ya mkonge, mfano uko Tanga. Ndiko zao hili lilikoanzia kwetu: mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka hiyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza dunia. Bei zilipoanguka na mashamba kutaifishwa, mengi yakawa pori. Mwaka wa 1999 kampuni ya Katani ilianza kuyagawa baadhi ya mashamba yake kwa wakulima wadogo, wengi wao wakiwa waliokuwa vibarua humo, huku korona ikibaki katikati ikichakata mkonge wa wote. Pale Hale wakajenga mtambo wa kutengeneza umeme kwa gesi itokanayo na yale mabaki ya jani, ile asilimia 96 iliyokuwa ikimwagwa mtoni. Pamekuwa na migogoro kuhusu malipo ya wakulima, na sidai kwamba ni pepo. Ninachosema ni kwamba kiwanda cha kale si lazima kigeuzwe kuwa maduka ndipo kihesabiwe kimefufuka. Kinaweza kubaki kiwanda, kikabadili mwenyewe.

Turudi tambarare ya Taveta. Chini ya Katiba ya 2010, mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya kwa zaidi ya miaka 99; ile mikataba ya kikoloni ya miaka 999 ilikatwa ikawa 99. Na mkataba wowote wa kukodisha ardhi ya umma una tarehe ya kwisha. Ukikaribia kwisha, mwenye nao akiwa raia wa Kenya hupewa nafasi ya kwanza ya kuuongeza, ila tu kama serikali ya taifa au ya kaunti haiihitaji ardhi hiyo kwa manufaa ya umma. Hapo ndipo penye mlango. Siku hiyo kaunti inaweza kudai ekari za shule, za soko, za makazi ya vibarua wa zamani, na za chemchemi. Siku hiyo ikipita kimya, mlango unafungwa kwa kizazi kingine kizima, na baadaye yakifanyika maandamano ni ya kumsindikiza maiti. Ndiyo maana nasema tarehe ya mkataba ni muhimu kuliko ramani ya msanifu, na mwakilishi wa wadi anayeijua tarehe hiyo ana maana kuliko gavana anayekata utepe.

Njukini ina bahati moja ambayo Muthurwa haikuwa nayo: bado haijabanwa. Mji ni mdogo, soko bado linaweza kupangwa, njia za maji bado zinajulikana na wazee, na nafasi ya stendi ya malori bado inaweza kutengwa kabla ya mtu kujenga gesti juu yake. Watu wa sehemu hii wametoka pande nyingi, Wataveta, Wakamba, Wachaga, Wamasai, Wataita, na wengi wanajua kulima ardhi ambayo karatasi yake hawajawahi kuiona. Viwanda vya kusindika ndizi na nyanya, vikija, vitataka maji na barabara, kama korona ilivyotaka. Vitataka mahali palepale pazuri.

Kwa hiyo, msomaji wa Njukini, wa Ziwani, wa Taveta au wa Mwatate, usingoje mkutano wa uzinduzi. Andika barua kwa serikali ya kaunti na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Uliza mambo matatu kuhusu shamba, ghala au stesheni iliyo karibu nawe: hati iko kwa jina la nani, mkataba unakwisha lini, na nani ana kibali cha maji yake. Wapeni nakala mwakilishi wa wadi na chifu, na wekeni nakala nyingine kwa katibu wa kikundi chenu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21.